Flashi ya Chini ya Maji: Anza na Kifuniko cha Betri

Flashi mbili nzuri za chini ya maji ni bei ya bodaboda mpya, na malalamiko ya wanaozinunua yanafanana mno. Ilipiga kazi wiki mbili, halafu kimya. Mwenyewe anadhani imeshindwa na kina. Ukifungua chumba cha betri unakuta springi zimeota ukungu wa kijani, harufu kali inapanda puani, na juu ya oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji, umelala unyuzi mmoja wa khanga, mwembamba kuliko unywele. Maji hayakuhitaji njia pana kuliko hiyo.

Ndiyo maana sianzi na nguvu ya mwanga. Flashi nyingi kubwa za heshima zinazotumia betri nne za AA zina nguvu zinazokaribiana, namba ya mwongozo (kipimo cha nguvu ya flashi) 32 au 33, na hata namba hiyo imepimwa nchi kavu. Majini inashuka hadi kama theluthi: ile 33 inakuwa 11 hivi, yaani kwa ISO 100 utapiga kwa uwazi wa lenzi wa f/11 ukiwa mita 1 kutoka kwa samaki. Inatosha. Kupita mita moja na nusu hakuna flashi itakayokurudishia wekundu wa maana, kwa sababu mwanga unakwenda na kurudi ndani ya maji na rangi nyekundu inanyonywa njia nzima. Akija muuzaji kukuambia ulipe zaidi kwa sababu yake ni 40, jua kwamba tofauti ya 33 na 40 ni nusu stopu tu (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili). Nusu stopu hiyo unaipata bure ukisogea mbele sentimita 17.

Sasa kifuniko. Oringi hukaa kwa namna mbili. Ya kwanza imevishwa shingoni mwa kifuniko kama bangili. Kifuniko kikiingia, inabanwa na kuta za tundu pande zote. Ya pili imelala bapa kwenye mdomo wa tundu, na kifuniko kinaikandamiza kwa juu. Tafuta ya bangili, kwa kuwa kubana kwake hakutegemei umekaza kiasi gani. Ya bapa inategemea mkono wako, na mkono uliolowa maji ya chumvi ukapakwa mafuta ya kuzuia jua hauna mshiko. Shingo ikiwa na oringi mbili, bora zaidi.

Watu wengi hawajui kwamba kifuniko, hasa cha oringi bapa, huvuja karibu na uso wa maji zaidi kuliko kule chini. Chukua kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 4. Kwenye mita 20 kinasukumwa ndani kwa nguvu ya kilo 25 hivi. Bahari yenyewe inakikaza. Kwenye mita ya kwanza, pale unaporuka kutoka chomboni na flashi ikapigwa na wimbi, kinachokishikilia ni thredi peke yake. Hapo ndipo maji yanapoingia. Kwa hiyo ukishatumbukia, simama kwenye mita 1 au 2 uitazame flashi kwa sekunde kumi. Ukiona uzi wa viputo unatoka kifunikoni, rudi juu mara moja.

Kisha mulika kwa tochi ndani ya chumba chenyewe. Unachotaka kuona ni plastiki iliyoumbwa kipande kimoja, na vichwa vya chuma vya kugusia betri vikichomoza tu. Ukiona skrubu, waya au mwanya, ujue maji yakiingia kwenye betri yatafika kwenye saketi. Chumba kilichotengwa na saketi ndicho kinachoamua kama ajali itakugharimu betri nne au flashi nzima. Kikiwa kimetengwa, tupa betri, suuza kwa maji matamu, sugua springi kwa kijiti cha pamba kilicholowa siki, suuza tena, malizia kwa spiriti na uache ikauke kivulini siku nzima. Siki inasaidia kwa sababu majimaji ya ndani ya betri za kuchaji za NiMH ni alkali. Kama hakikutengwa, usithubutu kuufungua mwili wa flashi wewe mwenyewe wala kumpa fundi simu: kapasita iliyomo, yaani kifaa kinachohifadhi umeme wa kuwasha flashi, inashika volti 300 hivi hata baada ya kuzima.

Na kwa yeyote mwenye flashi iliyoingia maji: usikabili kifuniko na uso wako. Betri zikikutana na maji ya chumvi hutoa haidrojeni, gesi inajazana, na kifuniko kinaweza kufyatuka. Kielekeze baharini, kifunike kwa taulo, legeza kidogo kidogo mpaka usikie gesi inatoka.

Utunzaji wa oringi ni mdogo ila hauna njia ya mkato. Itoe kwa kuibana na vidole viwili mpaka ijikunje, au kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Sindano na kisu vinaikwaruza. Futa mfereji wake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na khanga inaacha nyuzi nyingi. Paka grisi iliyokuja na flashi hiyohiyo, kiasi cha punje ya mchele, mpaka oringi ing'ae bila kuacha donge. Grisi haizibi maji, inalainisha tu. Ukiijaza unakusanya mchanga. Vaselini inaharibu baadhi ya mpira, na mafuta ya nazi, ambayo nimeyaona yakipendekezwa, hayafai kabisa.

Ya kupunguza hatari zaidi ya yote ni kutofungua kifuniko chomboni. Safari ya Mnemba au Misali kwa kawaida ni mbizi mbili, na katikati kuna chai, mandazi na upepo wenye chumvi. Nunua flashi inayomaliza mbizi zote mbili kwa betri zilezile. Za daraja hili hutoa milipuko 150 hadi 250 ya nguvu kamili kwa seti moja, na kwa kuwa mara nyingi utapiga kwa robo au nusu, inatosha. Tumia betri za kuchaji za Eneloop, zile nyeupe za 2000 mAh. Zile nyeusi za Pro zina 2500 mAh, lakini mtengenezaji anazihesabia kuchajiwa mara 500 tu, wakati nyeupe anazihesabia mara 2100. Alkali za dukani achana nazo; zinapata moto na flashi inachelewa kujaa. Andika namba za seti kwa kalamu ya wino, A1 hadi A4, usizichanganye kamwe. Betri moja iliyochoka ndani ya seti hugeuzwa chanya kuwa hasi na wenzake, ikaanza kutoa gesi.

Kwa vigezo hivyo, ya kwanza kwangu ni Inon Z-330 Type 2 ya Japani, na sifichi kwamba naipendelea. Chumba chake cha betri kimetengwa na saketi, kifuniko ni kikubwa na kinashikika kwa mkono uliolowa, inakwenda mita 100, na mwanga wake ni mpana kiasi cha kufunika lenzi pana bila kuvalishwa kitambaa cheupe cha kutawanya. Inakuja pia na kikofia cha kuziba mwanga upande mmoja, na hicho nakithamini mno kwa bahari yetu. Siku za bamvua maji yakijaa na kutoka kwa kasi, au msimu wa kusi ukishatifua mchanga, flashi inamulika chembechembe zote zilizo kati ya lenzi na samaki, na picha inakuwa kama imenyunyiziwa unga. Kikofia kikielekezwa upande wa lenzi kinapunguza unga huo. Kasoro yake ni vitufe: alama ni nyingi, tena zimebanana, na utahitaji mbizi tano au sita kabla vidole havijazoea. Mwenye kamera ndogo kama Olympus TG-6 au OM System TG-7 aichukue ndugu yake S-2000, namba 20, betri nne zilezile, nayo inaenea kiganjani. Kwa konokono bahari na kaa wadogo hakuna sababu ya kununua kubwa zaidi.

Ya pili ni Retra, kutoka Slovenia. Mrija wake wa mwanga ni wa duara, na ulaini wa mwanga huo kwenye ngozi ya kasa au pweza unaonekana kwa macho bila kuambiwa. Ningeiweka ya kwanza kwa ubora wa mwanga pekee. Lakini kile kipande cha ziada kinachoongeza betri nne, ambacho wengi hushawishika kukinunua, kinaongeza pia kiungo kingine cha kupitisha maji. Ukiichukua, ichukue bila kipande hicho.

Sea & Sea YS-D3 ni ya tatu. Nguvu ni ileile 33, betri nne, na vitufe vyake ni vyepesi kueleweka kuliko vya Inon, hata gizani. Kwa mtu anayeanza, hilo ni jambo kubwa.

Ikelite ya Marekani ina njia yake: betri ni kipande kizima kinachofungwa mgongoni mwa flashi, hakuna AA za kubadilisha. Mwanga wake unaelekea rangi ya manjano kidogo, na bluu ya nyuma inatoka vizuri sana. Tatizo ni pwani yenyewe. Chaja ikiungua ukiwa Mafia, Eneloop utaazima kwa mtu yeyote; betri ya Ikelite utaipata kwa nani? Tena za lithiamu lazima zipande ndege nawe mkononi, haziruhusiwi kuwa za akiba ndani ya begi la chini. Iwe chaguo la mwenye kasha la kamera la Ikelite tayari, maana zinaunganishwa kwa waya na kwa waya huo zinapima mwanga zenyewe.

Za bei rahisi kama SeaFrogs SF-01 zinawaka na zinapiga picha. Nunua moja ya kujifunzia, badilisha oringi mapema, usiipeleke kwenye safari usiyoweza kuirudia.

Kwa video hakuna flashi hata moja kati ya hizi itakayokufaa, kwa kuwa inawaka kwa kipande kidogo sana cha sekunde; unahitaji taa inayowaka mfululizo, na hapo unahesabu lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga wa taa. Lumeni 2,000 zinatosha kiumbe kidogo cha sentimita 30 kutoka lenzi. Mwamba mzima mchana, mita 10 chini, hata 10,000 ni chache kwa taa moja, kwa hiyo unahitaji mbili. Mwenye kutaka kifaa kimoja cha kazi zote atazame HF-1 ya Backscatter, flashi yenye taa ya video ya lumeni 5,000 ndani, inayotumia betri mbili za 21700. Na kwa papa potwe wa Mafia, kati ya Oktoba na Februari, acha taa na flashi nyumbani. Wanakuja kula vijidudu vinavyoelea, maji yamejaa vijidudu hivyo, na kila kimoja kitang'aa mbele ya lenzi yako. Nao hawastahili kumulikwa machoni.

Linaloniudhi katika biashara hii ni tangazo lenye picha ya kamera, mikono miwili ya kushikilia flashi na flashi zikiwaka, na chini yake bei ya flashi moja peke yake. Kebo ya faiba, inayopeleka mwanga wa kamera hadi kwenye flashi ili iwake, unalipia kando. Klampu kando, mikono kando, na kwa kila flashi unahitaji mikono miwili na klampu tatu. Kamera nyingi mpya za Sony, Nikon Z na Canon R hazina flashi ya ndani, kwa hiyo unahitaji pia kiwashio cha LED ndani ya kasha, nacho hakitajwi mpaka mtu alalamike kwamba flashi haiwaki. Mwanga wa LED ni hafifu, hivyo kebo yenye uzi mmoja mara nyingi haiufikishi. Chukua yenye nyuzi 613. Ncha za Sea & Sea na za Inon hazifanani, na muuzaji anajua, na bado anakutumia ile iliyopo. Tayari umelipa nauli ya ndege ya mzigo na ushuru wa forodha, kurudisha ni gharama mara mbili, basi unanyamaza.

Kabla ya kutuma hela, mwombe muuzaji video fupi: afungue kifuniko, aonyeshe oringi na mfereji wake, amulike ndani ya chumba. Mwenye mzigo mkononi anaimaliza kwa dakika moja. Agiza palepale seti mbili za oringi za akiba na grisi yake. Flashi ikifika, ifunge bila betri, na karatasi kavu ya chooni ndani ya chumba, ikae nusu saa kwenye ndoo ya maji huku ukiitikisa na kuigeuza. Mbizi ya kwanza iende hivyo hivyo, bila betri. Karatasi ikitoka na doa, hata dogo kama kichwa cha pini, ipige picha pamoja na kifuniko na uirudishe siku hiyohiyo, kwa sababu ukishaweka betri muuzaji atasema umeiharibu wewe.