Uzamili wa saikolojia ya kliniki: uzoefu wangu baada ya kumaliza

Nimemaliza uzamili wa saikolojia ya kliniki hapa Tanzania, na kwa kuwa watu hawaishi kuniuliza kama waombe au wasiombe, naandika mara moja ili niwe natuma hii. Chuo sikitaji. Kuna mambo nitakayolalamikia, na walimu wangu bado nawahitaji kwa barua za mapendekezo.

Kwanza tuelewane unalipia nini. Ni miaka miwili: wa kwanza darasani, wa pili hospitalini na kwenye tasnifu. Ukimaliza hutakuwa daktari wa magonjwa ya akili. Yule kasomea udaktari kwanza, na ndiye anayeandika dawa. Wewe unapima, unafanya tiba ya mazungumzo, unaandika ripoti. Nyumbani kwetu hilo halijaeleweka mpaka leo. Shangazi ananitambulisha kwa wageni kuwa natibu vichaa, na mgeni akishasikia hivyo anasogeza kiti kidogo.

Mihadhara, kusema kweli, ni ya wastani. Vigezo vya DSM-5 na ICD-11, yaani miongozo ya kutambua magonjwa, nadharia za Aaron Beck, mwasisi wa tiba ya kubadili fikra na tabia, vipimo vya akili: mengi ya hayo mtu mwenye bidii anajisomea mwenyewe. Takwimu zilitutoa jasho, hasa sisi tuliotoka ualimu na ustawi wa jamii, lakini SPSS, ile programu ya kompyuta ya takwimu, inazoeleka. Maktaba ilinifaa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu chuo kimeunganishwa na Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaofungua majarida ya afya kwa taasisi za nchi zenye kipato kidogo. Uliza kama chuo unachokitaka kimeunganishwa, la sivyo kila makala nzuri utaishia kusoma muhtasari.

Mhadhara mmoja tu umenibakia kichwani, ule wa bibi wa Zimbabwe. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Harare, aliwafunza kina bibi wa kujitolea kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia watu kupanga namna ya kukabili matatizo yao. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Darasa zima tuliguna. Kama bibi aliyefunzwa vizuri anaweza hivyo, ada yote hii ni ya nini?

Jibu nililipata kwenye mafunzo kwa vitendo. Kina bibi nao wana mtu anayewasimamia, na usimamizi ndio mali yenyewe ya shahada hii. Msimamizi wangu wa kliniki, mama mmoja mpole wa sauti, alikuwa hatuachii mgonjwa kabla hatujaigiza mbele yake na kurekodiwa. Siku ya PHQ-9, lile dodoso la sonona lenye maswali tisa, mwenzetu alikuwa mhojaji na mimi nikawa mgonjwa. Maswali manane yalikwenda vizuri: usingizi, hamu ya kula, uchovu. La tisa linahusu mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru. Mama akasimamisha rekodi, akairudisha nyuma, akatusikilizisha tena. Mwenzetu alikuwa ameharakisha, macho kwenye karatasi, na kalamu imeshafika kwenye sifuri kabla sijafungua mdomo.

"Mwanangu," akamwambia, "umeuliza kama mtu anayeomba aambiwe hapana."

Akatufanyisha upya mpaka tukaweza kulisema swali lile kwa sauti ileile tuliyoulizia usingizi, halafu tukanyamaza na kusubiri. Jumla ya alama kutoka 0 hadi 27 hata simu inaweza kuijumlisha. Kule kusubiri kunataka mtu akukalie.

Malalamiko yangu ni tasnifu. Msimamizi wa utafiti, ambaye si yule mama, alikaa na pendekezo langu muhula mzima, kisha akalirudisha na maoni kuhusu ukubwa wa herufi. Kamati ya maadili ikataka fomu ya ridhaa iandikwe upya, na hapo niliwaelewa, kwa sababu unamhoji mgonjwa. Ila ada ya kuendelea kusajiliwa niliilipa mimi, si aliyekalia karatasi. Kwa anayelipa kutoka mfukoni, hesabu mwaka wa ziada tangu mwanzo.

Ningeirudia? Ndiyo, lakini ningepiga simu idarani kabla ya kulipa na kuuliza: nani atasikiliza rekodi zangu, mara ngapi, na ana wanafunzi wangapi? Wakikujibu kwa kukutumia brosha, tafuta kwingine. Ukiwa na mpango wa kuvuka kwenda Kenya, uliza pia kuhusu usajili: wenzetu wana sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, yenye bodi yake.

Na kama unachotafuta ni cheti cha kupandia daraja kazini, ziko shahada za jioni zisizo na wodi wala rekodi. Hutakosa usingizi, na nafasi ya mafunzo itakwenda kwa mtu anayeihitaji.