Sultan, Mr. Bean na Sholay: ipi uchukue iliyotafsiriwa, ipi uiache na sauti yake

Watazamaji wangu, karibuni. Hapa ni Mwanga, Kigoma, na leo sina simu wala redio ya kuwachambulia. Wengi mmekuwa mkiniuliza mimi mwenyewe hutazama nini. Nitajibu kwa namna itakayowafaa siku mkienda kujaza flashi, kwa sababu kwenye filamu ya nje sauti ndiyo inayoiokoa au kuiua.

Tuanze na Sultan, tamthilia ya Kituruki iliyoonyeshwa na Azam. Hiyo ichukue ya Kiswahili bila kujiuliza. Halit Ergenç ndiye Sultan Suleiman, na Meryem Uzerli ndiye Hurrem, binti aliyeingia kasrini akiwa mtumwa akaishia kuwa mke wa Sultan. Msingi wake ni historia kweli, Suleiman alitawala dola ya Uthmaniya kuanzia 1520 hadi 1566. Ila watu wa hapa Kigoma na Ujiji hawakukaa mbele ya televisheni kwa ajili ya tarehe. Walikaa kwa sababu walioingiza sauti wanaijua kazi. Kila mhusika ana mtu wake, mwenye cheo anaongea kwa uzito, kijakazi anaongea kwa woga, na maneno ya fitina yanashuka taratibu mpaka unapata hasira na wewe. Shangazi yangu hajui neno hata moja la Kituruki, lakini muulize ugomvi wa Hurrem na Mahidevran, mwanamke mwingine wa Sultan: atakueleza nani alianza, na atakuambia nani ana haki! Sehemu ya mwisho Hurrem anachezwa na Vahide Perçin. Najua wengi hamkumpenda. Mimi naona alimfaa Hurrem aliyekwisha kuwa mtu mzima na mwenye madaraka.

Kabla ya Waturuki walikuja Wachina. Mnaikumbuka ile ya Mao Doudou na mama wakwe zake, TBC, mwaka 2011? Bibie ameolewa kwa mume ambaye wazazi wake wameachana na baba akaoa tena, kwa hiyo ana mama wakwe wawili wa kuwaridhisha. Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Nayo ilikuwa imeingizwa sauti za Kiswahili, ndiyo maana iliingia majumbani.

Sasa watafsiri wetu, wale wa mtu mmoja kuongea kwa niaba ya watu wote. Nawaheshimu sana. Wazee wasiosoma maandishi ya Kiingereza chini ya kioo wamemjua Jackie Chan kupitia kwao. Nendeni kibanda umiza kule Kibirizi wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawajaenda ziwani kwa sababu taa hazivuti samaki kwenye mwanga ule. Mtafsiri anapandisha sauti, steringi anaruka ukuta, banda zima linapiga kelele. Filamu ya ngumi ikitafsiriwa inanoga, sina ubishi.

Ila komedi jamani, komedi waiache.

Chukua Mr. Bean. Rowan Atkinson alianza kuonekana kwa sura hiyo kwenye televisheni ya Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na kipande cha kwanza kabisa yuko kwenye mtihani, anahangaika kuchungulia karatasi ya jirani yake. Haongei sana. Jicho linakwenda, shingo inafuata, anavuta pumzi, anarudi. Kichekesho chote kimo kwenye kule kusubiri. Niliwahi kuuziwa iliyotafsiriwa, na mtafsiri hakunyamaza hata kidogo, anatangaza kila kitu kabla hakijatokea. Nilikasirika kweli, kwa sababu mwigizaji amejenga ukimya kwa ustadi mkubwa na mtu anaujaza maneno. Hiyo itazameni na sauti yake, hata mtoto wa darasa la kwanza ataielewa.

Na kwa wachekeshaji wote niliowaona, wa ndani na wa nje, kwangu mimi wa kwanza ni Mzee Majuto, Amri Athuman wa Tanga, Mungu amrehemu, alitutoka Agosti 2018. Alikuwa hakimbilii kicheko. Anakaa na hasira yake, uso mkavu, lafudhi yake ya Tanga haibadilishi, halafu anasema neno moja dogo na wewe umeshaanguka. Joti nampenda pia, hasa akiwa bibi kizee, ila Mzee Majuto hakuhitaji kujigeuza mtu mwingine.

Ya mwisho ni ya Kihindi: Sholay, 1975. Askari mstaafu anawakodi wezi wawili, Amitabh Bachchan na Dharmendra, wamkamate jambazi Gabbar Singh. Amjad Khan kwenye nafasi hiyo ya Gabbar anatisha kwa kicheko chake tu, na kicheko hicho mtafsiri akikifunika umepoteza nusu ya filamu. Tumezoea steringi hafi. Humu anakufa mmoja, simtaji, mkaone wenyewe. Itafuteni ya Kihindi chenyewe, nyimbo zote zikiwemo, na iwe ndefu: nzima inapita saa tatu. Ukiwekewa ya saa mbili imekatwa, mrudishie muuzaji flashi akuwekee filamu nzima.