GBIF: naipa nyota nne, ya tano nimeizuia kwa sababu ya maboga

Kwa asiyeijua: GBIF (Global Biodiversity Information Facility) ni hifadhidata ya viumbe wa dunia nzima, iliyoanzishwa mwaka 2001, makao yake Copenhagen. Ina kumbukumbu zaidi ya bilioni 2 za wapi na lini kiumbe alionekana, nyingi zikiwa nukta kwenye ramani, kuanzia mdudu aliyechomwa pini kwenye droo ya makumbusho karne iliyopita hadi picha iliyopigwa jana kwa simu. Kutazama ramani hakuhitaji kujisajili. Kupakua data kunahitaji akaunti, nayo ni bure. Mimi nafundisha jiografia, na kazi ninayoipa ni moja: nafungua madirisha mawili, huku nyuki mchaguzi wa chakula, huku mmea anaoutegemea, nione kama mipaka yao inaoana.

Anza na nyuki wa maboga, Peponapis pruinosa. (Siku hizi wengine humwita Eucera, wengine Xenoglossa. Wataalamu hawachoki kubadilisha majina, kwa hiyo jaribu yote.) Jike huwakusanyia watoto wake chavua ya maboga tu. Hutoka alfajiri maua yanapofunguka. Yakishajifunga mchana, fungua ua moja na huenda ukakuta madume yamelala humo ndani. Sasa katika dirisha la pili weka Cucurbita foetidissima, boga mwitu la nchi kavu za Meksiko na kusini-magharibi mwa Marekani. Upande huo nukta zinafuatana vizuri. Ila sogea kaskazini-mashariki: boga mwitu linakwisha, nyuki anaendelea mpaka Ontario na Quebec, Kanada. Anakula nini huko? Maboga ya wakulima. Utafiti wa vinasaba wa Margarita López-Uribe na wenzake, uliochapishwa 2016, ulionyesha kuwa alitokea Meksiko akasambaa kwa kufuata kilimo cha maboga.

Basi nikafungua Cucurbita pepo, boga la shambani lenyewe, nikitegemea kuyaona hayo mashamba. Thubutu! Wakusanyaji wa mimea kwa desturi huchuma vya porini na kuipita bustani ya mtu, hivyo zao linalolimwa kila mahali linaonekana haba. Kwa macho yangu, anayetaka kujua maboga yamefika wapi Amerika Kaskazini atasaidiwa zaidi na ramani ya nyuki kuliko ya boga. Nyota ya tano imebaki hapo.

Bluberi, tunda dogo la buluu, ina kisa tofauti. Nyuki wake, Habropoda laboriosa, ni wa kusini-mashariki mwa Marekani. Huruka majuma machache tu ya majira ya machipuko, na akilishika ua hulitetemesha kwa misuli ya mabawa hadi chavua imwagike. Zao hilo leo liko Chile, Peru na China. Nyuki kabaki kwao. Kwa hiyo usidhani kila zao likihama huhama na nyuki wake. Huko ugenini linachavushwa na nyuki wengine, wengi wao wa mizinga inayoletwa shambani.

Tahadhari kwa wageni: pasipo na nukta si lazima pasiwe na nyuki. Ulaya na Marekani zimejaa nukta kwa kuwa zimejaa watu wanaotazama na kuandika. Pia ukiona rundo la nukta katikati kabisa ya nchi au jimbo, shuku. Mara nyingi mtu hakujua mahali hasa, akaandika nchi tu, kompyuta ikaweka alama katikati. Kuna kichujio cha mwaka na cha aina ya kumbukumbu. Vitumie vyote viwili kabla hujaamini chochote.

Alizeti ndiyo inayonichosha. Ina nyuki wake, Diadasia enavata mmojawapo, lakini alizeti mwitu na ya shambani zote ni Helianthus annuus. Jina moja, ramani moja, na kuzitenganisha ni kusoma maelezo ya kila kielelezo, ukiomba Mungu mchumaji awe aliandika kama alikuwa kando ya barabara au ndani ya shamba.