Mizani ya mfukoni ya gramu 0.01: kwa rupia 15 ya Tabora inunue, kwa heller usiitegemee

Hizi mizani ndogo za betri, zinazopima hadi gramu 200 kwa hatua za 0.01, masonara wanazo na mtandaoni zimejaa. Tumeipima kwa kazi moja tu: kumjua tembo halisi wa Tabora, yaani sarafu ya kale ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, na tembo wa bandia. Kwa sarafu ya dhahabu inafaa, sharti uitumie pamoja na maji.

Mwaka 1916, manowari za Waingereza zimeziba pwani na sarafu kutoka Ujerumani hazifiki, Wajerumani walifyatua za kwao katika karakana ya reli Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Rupia 15 zilitoka 16,198 tu. Ni dhahabu ya karati 18, gramu 7.17, kipenyo milimita 22 hivi.

Kupima kukavu hakutoshi, maana mghushi akiongeza unene anaipata 7.17 hata kwa shaba. Kwa hiyo chukua kikombe chepesi cha plastiki (cha kioo kitakula nusu ya uwezo wa mizani), tia maji nusu, kiweke juu ya mizani na urudishe sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni, izamishe yote bila kugusa chini wala kando, kisha soma. Halisi inatoa 0.46 hadi 0.48. Ukiona 0.55 hivi, hiyo ni dhahabu ya karati 14. Fedha iliyopakwa dhahabu itakupa karibu 0.70, shaba ya njano 0.84. Ikishuka hadi 0.37, ndani kuna tangsteni.

Mizani ya hatua ya 0.1 haifai hapa hata kidogo: sarafu halisi itakuandikia 0.5, na ya karati 14 inaweza kukuandikia hiyohiyo.

Kinachoharibu kipimo mara nyingi ni viputo. Kiputo kikinasa kwenye masikio ya tembo namba inapanda, na sarafu njema inaonekana feki. Tone moja la sabuni ya vyombo linaviondoa. Zima pangaboi. Halafu kuna kero ya mizani yenyewe: nyingi hujizima baada ya dakika moja hivi, na sifuri uliyoiweka inapotea ukiwa bado unahangaika na uzi. Jiwe la kusahihishia nalo mara nyingi halimo kwenye boksi. Senti 5 ya Marekani, ile mpya isiyolika, ina gramu 5.00, itakusaidia.

Usiikatae sarafu kwa sababu ina 7.05. Nyingi zilivaliwa kama vidani, zikatiwa lehemu na baadaye kupigwa tupa. Kagua ukingo, hasa juu ya kichwa cha tembo: rangi tofauti au mikwaruzo ya tupa itakueleza. Bei ishuke, lakini si bandia.

Mizani inakwama pale nakala inapofyatuliwa kwa dhahabu ya karati 18 kweli. Hapo ni lenzi ya mara 10. Geuza upande wa tai, fuata pambo la kulia hadi ncha yake: iwe chini ya T ya OSTAFRIKA (aina hii zilitoka 9,803) au chini ya A ya kwanza (6,395). Ikiishia kwingine, mrudishie mwenyewe. Chapa hafifu isikutishe, ile ilikuwa karakana ya reli. Cha kutisha ni vishimo kama vya chunusi, herufi zenye mabega ya mviringo na mshono ukingoni, kwani hizo zimemiminwa kwenye kalibu. Na usimruhusu sonara aitie tindikali, doa lake halitoki.

Kwa sarafu za heller 20 (heller 100 zilikuwa rupia moja) za mwaka huohuo weka mizani kando. Unene haukuwa sawa, kwa hiyo uzito unapishana kwa gramu kadhaa na hausemi kitu. Pitisha sumaku kwanza, ikinasa, basi. Kisha tazama taji juu ya DOA (kifupi cha Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Kijerumani), kubwa au dogo, na ncha za L mbili za HELLER, ambazo kwa halisi huwa hivi: zote zimechongoka, zote zimejikunja, au imejikunja ya pili peke yake.