Kusafisha atomaiza ya vepu nyumbani: ununue nini kwanza, na nini ukiache dukani

Tarehe 1 Juni 2025 Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vepu (sigara za kielektroniki) za kutupa, na aliyezoea kununua, kuvuta na kutupa akajikuta na kifaa cha kujaza mkononi. Kifaa hicho huja na kazi mpya: kukisafisha. Baada ya wiki mbili ladha inakuwa nzito, mvuke unapungua, kisha inakuja harufu ya pamba iliyoungua inayokwaruza koo. Wengi hapo hukimbilia kununua mashine ya kusafishia, wakati shida yao ingeondoka kwa kitu cha bei ndogo zaidi.

Kabla ya kutoa pesa, jua unachosafisha. Ndani ya atomaiza, ile sehemu inayogeuza juisi kuwa mvuke, mna uchafu wa aina tatu, na kila mmoja una dawa yake.

Wa kwanza ni mabaki ya juisi yenyewe, kile kimiminika unachojaza. Juisi ni propilini glikoli na glisirini ya mboga, na zote mbili huyeyuka kabisa kwenye maji. Wa pili ni harufu na mafuta ya ladha yaliyonasa kwenye oringi (pete laini za kuzuia kuvuja) na mdomo wa kuvutia. Maji matupu hayayatoi vizuri, yanataka sabuni au alkoholi. Wa tatu ndio wenye matata: ukoko. Ukifungua koili (waya wa kupashia juisi joto, pamoja na pamba yake) ya zamani na kuichungulia kwenye mwanga, utaona waya umevaa ganda jeusi, gumu, lenye mng'ao kidogo, na pamba inayougusa imekuwa kahawia kama chai ya rangi. Ni kitu kilekile kinachobaki chini ya sufuria ya wali. Kinatokana na vitu vitamu vya juisi, hasa sukralosi, vilivyoungua vikawa kaboni. Maji hayaondoi ukoko huo, wala alkoholi, wala mashine haiuondoi ukaisha. Orodha hii imepangwa kwa kufuata ukweli huo.

1. Koili mpya na oringi za akiba

Pesa yako ya kwanza iende hapa. Koili ya kiwandani, ile iliyofungwa na pamba yake ndani ya kopo la chuma, haikutengenezwa ioshwe. Kwa mvutaji wa kawaida hudumu wiki moja hadi mbili. Juisi tamu yenye rangi ya giza huimaliza kwa siku chache, juisi nyeupe isiyo na sukari nyingi huifikisha mbali zaidi.

Pakiti nyingi huwa na koili tano. Angalia mambo matatu. Kwanza, familia ya koili: GTX ni za Vaporesso, PnP ni za Voopoo, na koili ya familia moja haiingii kwenye tangi la nyingine. Hata ndani ya kampuni moja majina yanayofanana huweza kuwa vitu tofauti, kwa hiyo nenda dukani na koili kuukuu mfukoni, ulinganishe urefu, oringi na mashimo ya pamba. Pili, ukinzani wa umeme, unaopimwa kwa omu. Koili za 0.8 hadi 1.2 omu zina mashimo madogo na zinataka juisi nyepesi, nusu propilini glikoli na nusu glisirini. Ukiitia juisi nzito ya glisirini asilimia 70, pamba inakauka haraka kuliko inavyolowana na utaiunguza siku ya kwanza. Koili za chini ya 0.5 omu ndizo za juisi nzito. Tatu, kampuni nyingi huweka kibandiko cha kukwangua chenye namba ya kuhakiki. Kikwangue, uhakiki. Koili bandia hutambulika pia kwa kusoma vibaya: iliyoandikwa 0.8 inayosoma 0.6 au 1.1 kwenye kioo cha kifaa irudishe.

Koili mpya iuawayo na haraka ndiyo malalamiko tunayoyasikia kuliko yote. Tia matone mawili matatu ya juisi kwenye pamba ya katikati na tone moja kwenye kila tundu la pembeni, ifunge, jaza tangi, iache dakika kumi. Anza na wati za chini kabisa kati ya zilizoandikwa kwenye koili, panda taratibu. Pamba ikishaungua mara moja, ladha ile haitoki tena kwa namna yoyote ya kuosha.

Oringi zinanunuliwa kwa pakiti, zimepangwa kwa vipimo. Chukua za silikoni. Tangi linalovuja chini mara nyingi halina ufa wowote. Ni oringi moja iliyokatika nusu milimita wakati wa kufungua, au iliyokaa upande. Ukiirudisha, ipake tone la juisi kwanza ili iteleze isijikunje.

2. Sabuni ya maji ya vyombo, brashi mbili na pamba za masikio

Kifurushi hiki cha jikoni kinafanya sehemu kubwa ya kazi, na hakuna mashine inayokishinda kwa tangi moja au mawili. Brashi ya kwanza ni mswaki laini mpya. Ya pili ni brashi nyembamba za kusafishia katikati ya meno, zinazouzwa maduka ya dawa. Hizo ndizo zinazopita kwenye njia ya hewa na ndani ya bomba la katikati, mahali ambapo mvuke hugeuka matone mazito na kutengeneza utando wa kahawia.

Fanya hivi. Toa betri au tenganisha tangi na kifaa. Kifaa chenyewe hakiingii majini kamwe. Mwaga juisi iliyobaki kwenye chupa yake. Vaa glavu, au nawa mara moja ikikugusa, kwa sababu nikotini hupenya ngozini. Fungua kila kipande: mdomo, kifuniko, kioo, bomba, kitako. Toa koili, weka kando. Toa oringi zote na uzipange kwenye sahani kwa mfuatano uleule ulivyozitoa, kwani mbili zinazoonekana sawa mara nyingi hazilingani unene.

Loweka vipande dakika 15 kwenye maji ya moto wa kuvumilika mkononi na matone mawili ya sabuni. Maji yanayochemka usiyatumie: kioo baridi hupasuka kikikutana nayo, na podi (vikasha vidogo vya juisi) za plastiki hujikunja zikakosa kukaa tena sawasawa. Piga brashi, suuza hadi utelezi uishe, futa, kisha acha vikauke nusu saa juu ya kitambaa kisichotoa nyuzi. Maji yakibaki kwenye bomba, mvuto wa kwanza utarusha matone ya moto ulimini.

Pamba za masikio ni za sehemu ambayo watu huisahau: kituo cha umeme, ile pini ya katikati chini ya atomaiza na mwenzake juu ya kifaa. Juisi ikishuka hapo na kukauka, kifaa huandika kwamba hakioni atomaiza, au ukinzani unaruka ruka. Watu hutupa koili nzima kwa kosa hili. Sugua pini kwa pamba kavu kwanza, kisha yenye alkoholi kidogo, subiri dakika tano, funga kwa vidole bila kukaza sana. Ukikaza kupita kiasi unaisukuma pini ndani, nayo haigusi tena.

Hili lifanyike kila unapobadili koili, au unapohamia ladha nyingine.

3. Alkoholi ya isopropili, asilimia 90 au zaidi

Chupa moja ya mililita 250 hutosha miezi mingi. Kazi yake ni harufu: ladha ya minti, mdalasini au anisi iliyong'ang'ania chuma na kioo. Loweka vipande vya chuma na kioo dakika 10 kwenye mtungi wenye kifuniko, suuza kwa maji, kausha hadi usisikie harufu yoyote. Iwe mbali na moto, dirisha wazi.

Soma chupa kabla ya kununua, maana hapa ndipo watu hukosea. Spiriti ya hospitali kwa viwango vya Uingereza huchanganywa na mafuta ya nyonyo na methili salisilati. Inafaa ngozini, lakini huacha utando ambao baadaye utauvuta kama mvuke. Spiriti ya rangi ya zambarau ina methanoli, ambayo ni sumu, nayo haifai kabisa. Alkoholi ya asilimia 70 inafanya kazi, ila inakawia kukauka. Vodka ya asilimia 40 inayosifiwa mitandaoni ni maji zaidi kuliko alkoholi, na kwa bei yake haina maana.

Plastiki na alkoholi hazipatani. Podi na matangi ya plastiki angavu huota mistari midogo kama nywele, kisha hupasuka. Kwa hayo baki na sabuni.

4. Waya na pamba, kwa wenye atomaiza ya kujifungia koili

Kwa wachache wanaofunga koili wenyewe, hapa ndipo ukoko unapoondoka kweli, kwa sababu moto ulioutengeneza ndio unaouteketeza. Toa pamba, weka wati za chini, kati ya 10 na 20, bonyeza kwa sekunde mbili mbili hadi waya uwe mwekundu mfifu kuanzia katikati kwenda pembeni. Zima, toa atomaiza kwenye kifaa, ipitishe kwenye maji ukipiga brashi, kausha, rudia. Waya za kanthali na nikromu huvumilia hivi mara nyingi. Waya za titani na nikeli usizichome kavu hata mara moja. Titani ikipata joto kali hutoa oksidi yake, na inaweza kushika moto.

Pamba ibadilishwe kila siku tatu hadi tano. Nunua ile isiyopaushwa kwa klorini. Ijae kwenye koili kwa kukwama kidogo inapovutwa. Ikipita bila kugusa itakauka, ikihitaji nguvu inakaba juisi.

Anayeanza leo asinunue atomaiza ya aina hii kwa nia ya kubana matumizi. Inadai uelewe ukinzani na betri vizuri, na kosa la koili inayogusa chuma cha kitako ni shoti.

5. Asidi ya limau ya unga

Ni ya mwenye maji ya chumvi au ya kisima yanayoacha utando mweupe kwenye chuma. Kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, dakika 10, suuza sana. Siki nayo inafanya hivyo, ila harufu yake hukaa kwenye oringi siku kadhaa.

6. Mashine ya altrasoniki

Ile ndogo ya kuoshea miwani na vito kwa mawimbi ya sauti, ya wati 35 hadi 50. Inafanya vizuri inachofanya: vipovu vyake huingia kwenye nyuzi za skrubu na mashimo ambayo brashi haifiki. Mwenye matangi manne au zaidi ataifurahia. Mwenye moja amenunua urembo wa meza. Ukiinunua, chagua yenye beseni la chuma cha pua na ujazo wa karibu mililita 600, yenye kapu ndani. Maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, mizunguko miwili ya dakika tatu, oringi na koili zikiwa nje. Usimimine alkoholi ndani ya beseni. Mashine hupata joto na mvuke wa alkoholi hushika moto. Usiiwashe bila maji.

Vya kuviacha dukani

Jiki: klorini yake hula chuma cha pua kwa vitobo vidogo, na mabaki yake hayafai kufika mapafuni. Asetoni na petroli, hapana. Steli wuli huacha vinyweleo vya chuma vitakavyokaa njiani mwa hewa. Na chupa zenye lebo ya "dawa ya kurudisha koili": rudi kwenye ukoko, utaelewa kwa nini hazirudishi.

Ukiwa bado hujanunua kifaa

Urahisi wa kusafisha huamuliwa dukani. Podi iliyofungwa moja kwa moja na koili huioshi, unaitupa yote. Podi yenye koili ya kuchomoa ni afadhali kwa wengi: vipande vichache, oringi chache. Tangi la kioo lenye kujazwa juu ndilo rahisi zaidi kulifungua na kulisugua. Omba ulifungue mbele ya muuzaji, ukihesabu vipande. Kama hukuwahi kuvuta sigara, usinunue chochote kati ya hivi: nikotini hutengeneza utumwa, na mvuke huu hauko salama.

Uganda imekataza uuzaji na uingizaji wa vepu kwa sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya 2015, kwa hiyo usivuke mpaka nayo bila kujua. Kwenye ndege inakaa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo wa chini, kwa sababu ya betri. Liache tangi tupu kabla ya kupanda: hewa iliyobaki ndani hutanuka shinikizo linaposhuka na kuisukuma juisi nje kupitia koili. Ndiyo maana tangi lililojazwa Mombasa hufika Nairobi limelowesha mfuko.

Maji ya kuoshea yana nikotini. Yamwage chooni, beseni lioshwe palepale, na chupa ya juisi irudi mahali pa juu penye kufuli, pasipofikiwa na mtoto.