Tahadhari: muuzaji wa fanzini "za darini kwa mjomba" anauza kopi mpya akisema ni za zamani

Wakuu, nawasalimu.

Naandika haraka kwa sababu jana usiku nimeona tangazo jipya la huyu muuzaji. Picha zimepigwa mezani palepale, jina la akaunti ni lingine. Mtu huyu alinila pauni 640 mwezi wa tatu. Sitaliweka jina analotumia, ameshalibadili mara mbili, na likionekana hapa kesho atakuwa na la nne. Namna yake ya kuuza ndiyo haibadiliki, kwa hiyo shikeni hapo.

Anasema mjomba wake alifariki London ya kusini, na walipofagia dari wakakuta sanduku la majarida ya mashabiki wa roki, zile fanzini zilizotengenezwa chumbani: zikapigwa taipu, zikatolewa kopi, zikabanwa pini pembeni. Hauzi sanduku zima, anatoa moja moja. Bei anayotaja inauma, wala hana haraka. Angeniambia pauni 20 ningempita bila kugeuka.

Nilichukua mbili. Ya kwanza ni Sniffin' Glue nambari 1, Julai 1976, ya Mark Perry, karani wa benki wa Deptford aliyeanza na taipureta ya mtoto na kalamu nene, baada ya kupagawa na muziki wa bendi ya Ramones. Nakala za toleo hilo la kwanza zilikuwa kama 50 tu. Ya pili ni Crawdaddy! nambari 1, Februari 1966, aliyoianzisha Paul Williams akiwa na miaka 17, mwaka wa kwanza chuoni Swarthmore, Pennsylvania. Hiyo ilipigwa saiklostaili, ile mashine ya kunakili kwa stensili na wino, nakala 500. Kuzikuta zote mbili kwa mtu mmoja, ndani ya sanduku moja, kulitosha kunishtua. Lakini sikushtuka, kwa sababu nilikuwa nimezitamani miaka mingi, na mwenye tamaa ya namna hiyo hujijibu maswali mwenyewe kabla hajamuuliza muuzaji.

Zilipofika niliona kasoro saa ileile, nikazitetea. Herufi zimefifia? Basi, ndivyo fanzini zilivyokuwa. Ukurasa umekaa upande? Vijana walikuwa wanakopi usiku kwa kujiiba. Hapa ndipo anapotupatia wote. Anajua kwamba tunaupenda uchafu wa vitu hivi, kwa hiyo kila doa tunalihesabu kuwa ushahidi upande wake. Isitoshe, Sniffin' Glue halisi yenyewe ni fotokopi. Huna "kitabu cha asili" cha kuilinganisha nacho, una kopi ya mwaka 1976 na kopi ya wiki iliyopita, na swali lote ni ipi umeshika.

Siku ya tatu nikachukua rula. Karatasi ya kawaida ya Marekani ina upana wa milimita 216 na urefu wa 279. A4, tunayotumia sisi na Waingereza, ni 210 kwa 297. Crawdaddy! yangu ilikuwa A4 kamili, kila ukurasa. Mwanafunzi wa Pennsylvania wa mwaka 1966 angeitoa wapi rimu ya A4? Nilipima mara nne. Nilikaa kitini muda mrefu baada ya hapo.

Halafu saiklostaili yenyewe. Waliofanya mitihani ya stensili shuleni kwetu wanaikumbuka: wino unazama kwenye karatasi hadi unauona mgongoni, na taipureta ikipiga kwa nguvu inatoboa stensili, kipande cha ndani ya herufi "o" kinaanguka, unabaki na kidonge cheusi. Ile ya kwangu mgongo wake ulikuwa mweupe kabisa. Vidonge vya "o" vilikuwepo, ila vimekaa juu ya karatasi na kung'aa ukivitazama kwa upande wa taa. Ni tona, wino wa unga wa printa, iliyochora picha ya saiklostaili.

Sniffin' Glue ndiyo iliyoniumiza zaidi. Kwenye pembe kulikuwa na alama ya kutu ya pini, nzuri kabisa, ila ilikuwa ya kijivu: imechapwa. Pini halisi ilikuwa sentimita mbili kutoka pale, mpya, inameta. Yaani alipoweka nakala ya mtu mwingine kwenye skana, kutu yake na kivuli cha pini yake vikaingia humo humo. Mkunjo wa katikati ulikuwa vilevile, jicho linauona, kidole hakiukuti.

Rangi nayo. Karatasi ya bei ndogo ikizeeka huanza kukahawia kingoni, ndani inabaki na weupe wake kwa sababu hewa na mwanga huingilia pembeni. Zake ni kahawia sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, na zimejikunja kidogo kama kitu kilicholowa kikaanikwa. Nadhani ni chai.

Kuna wanaoshauri taa ya urujuanimno (UV), eti karatasi mpya huwaka chini yake na ya zamani haiwaki. Kuweni nayo macho. Dawa za kung'arisha karatasi zilikuwa zimeshaenea viwandani muda mrefu kabla ya 1976, kwa hiyo karatasi ya wakati huo nayo inaweza kuwaka. Nilimwandikia hoja ya taa na akanirudisha palepale, na alikuwa sahihi. Huyu mtu anaijua kazi. Nilipomwandikia ya rula hakujibu. Nilipomwandikia ya kutu alijibu mstari mmoja: fanzini zote ni kopi, ulitegemea nini?

Kuhusu pesa: aliniomba nitume kwa ile njia ya PayPal ya kumtumia ndugu au rafiki ili tukwepe makato, akanipunguzia pauni 15. Kwa njia hiyo hakuna ulinzi wa mnunuzi. Ningelipia kama bidhaa kwa PayPal ningekuwa na siku 180 za kufungua malalamiko. Akisema neno "makato", ondoka.

Naomba nieleweke, sina ugomvi na kopi mpya. Matoleo ya Sniffin' Glue yalichapwa upya kwenye kitabu mwaka 2000, na anayetaka kusoma asome humo kwa amani. Ugomvi ni kuambiwa mkono wa mtu wa 1976 uliishika karatasi hii.

Kabla hujamlipa yeyote anayeuza vitu hivi mwombe picha ya mgongo wa ukurasa chini ya taa, rula ikiwa juu ya karatasi, na pini kwa karibu, pamoja na kikaratasi chenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Rafiki yangu alimwomba hayo wiki jana akijifanya mnunuzi. Hakurudi tena.

Tangazo la jana ni la Ripped & Torn nambari 1, ile ya Glasgow ya Novemba 1976. Tazameni picha ya tatu: chini ya gazeti kuna kitambaa cha meza cha kijani chenye maua meupe, na kona yake ya kushoto imeungua kwa pasi. Nacho kipo kwenye picha zote alizonitumia mimi. Nimeshapeleka taarifa polisi. Kama umenunua mahali penye kitambaa hicho, niandikie pembeni tuziunganishe kesi zetu.