Jason and the Argonauts (1963): nimeitazama mara tatu, haya ndiyo niliyoyaona

Mara ya kwanza niliitazama kwenye huduma moja ya mtandaoni, na nusura niiache katikati. Rangi zilikuwa zimepauka, na penye giza hapakuonekana kitu. Baadaye nikanunua diski yenye nakala iliyosafishwa, nikajua kwamba sikuwa nimeiona filamu yenyewe. Kama unataka kuionja, tafuta nakala nzuri kwanza.

Mimi ni mpenzi wa ngano za mazimwi tangu utotoni, na huwa sioni raha filamu inapozichezea. Hii inazichezea sana. Katika masimulizi ya Wagiriki, ngozi ya dhahabu ambayo Jason na mabaharia wake, Argonauts, wanaisafiria inalindwa na joka lisilolala. Hapa tunaletewa Hydra, nyoka wa vichwa vingi, ambaye kwa haki ni wa kisa cha shujaa Herakles. Harpies, mazimwi ya kike yenye mbawa, wanaomnyang'anya kipofu Phineus chakula chake hufukuzwa na wana wa upepo wenye mbawa. Hapa wananaswa kwa wavu katika mahekalu ya Paestum, Italia. Hilo la wavu nimelipenda, kwa sababu unaona watu wa kawaida wakitumia akili zao. La Hydra sijalikubali mpaka leo. Vichwa vinapepesuka tu, na pambano linakwisha kabla moyo haujaanza kwenda mbio.

Lakini Talos! Jitu la shaba limepiga goti juu ya jukwaa lake, kisha shingo inageuka taratibu na chuma kinalia. Katika ngano, mchawi Medea, mpenzi wa Jason, anampumbaza kwa uchawi mpaka anajikwaruza kifundo cha mguu kwenye jiwe, na uhai wake wote unamtoka kwa mshipa mmoja. Filamu inampa Jason kazi hiyo: afungue kizibo kisiginoni. Umajimaji unapobubujika, jitu linajishika koo kama mtu anayekosa pumzi, na nyufa zinaanza kumtambaa mwilini. Nilimhurumia. Dakika chache nyuma alikuwa ameinyanyua meli akaivunja, na bado nilimhurumia. Aliyemtengeneza, Ray Harryhausen, alimfanya atembee kwa mikato mikato makusudi, maana shaba haijikunji kama nyama.

Na viunzi vya mifupa ndivyo vilivyonifanya niirudie. Wagiriki husimulia kwamba meno ya joka yakipandwa huota askari wenye nyama na damu. Harryhausen akawavua nyama, akabakiza mifupa saba yenye panga na ngao. Alikisogeza kila kikaragosi kwa mkono, akapiga picha, akakisogeza tena kidogo, na sekunde moja ya filamu inataka picha 24. Tukio hilo la dakika chache lilimchukua zaidi ya miezi minne. Niliisimamisha diski na kuipeleka picha moja moja, nikiangalia panga la kiunzi likigusana na la mwigizaji ambaye, siku ya kupigwa picha, alikuwa akipigana na hewa tupu. Sikuona palipoachana.

Waigizaji ni wa kadiri, Jason mwenyewe ana uso mgumu mno kwangu. Muziki wa Bernard Herrmann unambeba.

Kasoro iliyoniuma zaidi ni mwisho. Mfalme Pelias alimwua baba yake Jason akatwaa kiti chake, na safari nzima imetokana na uovu huo. Baada ya dakika 104 filamu inakatika Jason akiwa melini na Medea, na Pelias yuko salama kwenye kiti chake. Hakuna aliyemfuata. Nilikaa kidogo nikisubiri kitu baada ya majina, kisha nikarudi nyuma hadi pale mfupa wa kwanza unapochomoza udongoni.